Amana ya Abiria: Kujenga API ya Java Yenye Tokeni

Hotuba kwa vijana wanaojifunza kuandika programu, mjini Lamu

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wetu, walimu wetu, kina mama mliowasindikiza watoto wenu, nanyi vijana mliokuja kutoka Mokowe, Shela, Matondoni na wengine kutoka Faza, ahsanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie namna ya kujenga API ya wavuti kwa Java, yaani mlango ambao programu za simu hupitia kuzungumza na seva, yenye kumtambua mtumiaji kwa tokeni, yaani kibali cha kidijitali anachopewa aliyeingia. Wazee wataniwia radhi, maana sehemu kubwa ya maneno yangu ni ya kiufundi. Lakini naomba nao wasikilize, kwa sababu mwisho wa yote ni habari za watu wao.

Tuchukue mfumo ambao wengi wenu mmeniambia mnataka kuujenga: mfumo wa kukata nafasi za boti. Mtu yuko hapa Amu, anataka kuvuka kwenda Mokowe akapande basi la Mombasa, au anakwenda Manda kuwahi ndege. Anafungua simu, anachagua boti, anapata tiketi. Nahodha naye anaona orodha ya abiria wake. Msimamizi gatini anaona boti zote. Ni kazi nzuri na inawezekana.

Sasa tazameni abiria huyu ametupa nini. Ametupa jina lake, nambari yake ya simu, siku anayosafiri, anakokwenda na watu alionao. Mtu akijua kwamba Bi fulani na wanawe wote wanasafiri Ijumaa na hawarudi hadi Jumatatu, amejua pia kwamba nyumba yao ya Mkomani haina mtu siku tatu. Hiyo ni amana. Mkiandika mfumo unaoimwaga amana hiyo, kosa ni la mwandishi, halitakuwa la kompyuta. Yote nitakayosema leo yametoka hapo.

Kwa nini Java? Sitakaa sana hapa. Java ilitoka mwaka 1995 katika kampuni ya Sun Microsystems, kazi ya James Gosling na wenzake, na tangu 2010 iko mikononi mwa Oracle. Ni lugha iliyokomaa, ina maktaba nyingi, yaani vipande vya programu vilivyokwisha andikwa, zilizopimwa kwa miaka, na anayeijua vizuri hakosi kazi. Tumieni toleo linaloendelea kurekebishwa kwa muda mrefu: Java 17 iliyotoka Septemba 2021, au 21 iliyotoka Septemba 2023, au la baada yake. Juu yake wekeni Spring Boot, kiunzi cha kujengea programu za Java. Tangu toleo la 3, lililotoka Novemba 2022, Spring Boot haikubali Java iliyo chini ya 17.

Nasema haya ya matoleo kwa sababu moja. Masomo mengi mnayoyakuta mtandaoni ni ya zamani. Mkiona somo linalowaambia mrithi klasi iitwayo WebSecurityConfigurerAdapter, lifungeni mtafute lingine. Klasi hiyo ilitangazwa kupitwa na wakati mwaka 2022, na katika toleo la 6 la Spring Security, sehemu ya ulinzi ya Spring, haimo kabisa. Siku hizi mnaandika mbinu inayorudisha SecurityFilterChain, na ndani yake mnaeleza njia ipi iwe wazi na ipi ifungwe. Vivyo hivyo mkikuta maktaba zinaanza na javax mahali palipotakiwa jakarta, jueni somo limechakaa.

Mara tu mkiongeza Spring Security kwenye mradi, programu inafunga kila njia. Mkiiwasha, inaandika kwenye dirisha la amri neno la siri la muda, la mtumiaji aitwaye user. Vijana wengi wakiona hivyo hushtuka, wakakimbilia kutafuta namna ya kuuzima ulinzi ili "kazi iende kwanza". Msiuzime. Anzeni na milango yote imefungwa, kisha mfungue mmoja mmoja kwa sababu mnayoijua: njia ya kujisajili, njia ya kuingia, na ratiba ya boti ambayo kila mtu ana haki ya kuiona. Basi. Anayeanza na yote wazi akidhani atafunga baadaye, ipo siku njia moja itamponyoka.

Tuje kwenye kuingia. Abiria anatuma nambari yake ya simu na neno la siri kwa ombi la aina ya POST kwenye njia ya /ingia. Neno hilo la siri lisihifadhiwe popote kama lilivyo, hata kwenye faili la kumbukumbu za seva, hata kwa muda wa majaribio. Linalohifadhiwa ni heshi yake, yaani alama iliyokokotolewa kutokana nalo isiyoweza kugeuzwa kuwa neno lenyewe tena, na kwa kazi hii Spring inawapa BCrypt, njia iliyobuniwa na Niels Provos na David Mazières na kutolewa mwaka 1999. Kila neno la siri linachanganywa na chumvi yake, yaani herufi za kubahatisha, ndiyo maana watu wawili wenye neno moja la siri hupata heshi mbili tofauti. Na BCrypt imekusudiwa iwe nzito. Kiwango cha kawaida cha Spring ni 10, maana yake mizunguko 1,024. Abiria anayeingia mara moja hahisi chochote, lakini mwizi aliyeiba hifadhidata na anataka kujaribu maneno milioni, atausikia uzito huo. Jambo moja la kukumbuka: BCrypt inasoma baiti 72 za mwanzo tu, kwa hiyo wekeni mpaka wa urefu mapema.

Jibu la kumkataa mtu nalo liwe moja. Msiseme "nambari hii haimo" kwa mmoja na "neno la siri si sahihi" kwa mwingine. Mkifanya hivyo, mtu anaweza kupitisha nambari za mji mzima akajua nani ni mteja wenu na nani siye. Semeni tu kwamba nambari au neno la siri si sahihi, na baada ya majaribio machache mumpunguzie kasi.

Akiingia salama, seva inampa tokeni. Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo watu wanapoelewa vibaya.

Tokeni ninayoizungumzia ni JWT (JSON Web Token), iliyowekewa kanuni katika RFC 7519 ya Mei 2015, moja ya hati za kanuni za mtandao. Ukiitazama ni mstari mrefu wa herufi zisizosomeka, wenye nukta mbili tu zinazougawa sehemu tatu. Karibu kila JWT huanza na eyJ. Hilo si jambo la ajabu: sehemu ya kwanza ni JSON, namna ya kuandika data kwa maandishi, iliyogeuzwa kuwa Base64, namna ya kuiandika data yoyote kwa herufi na tarakimu, na mabano ya kufungulia JSON pamoja na alama ya kunukuu, yakigeuzwa, hutoa herufi hizo. Sehemu ya kwanza inataja algorithimu, yaani namna ya kukokotoa saini. Ya pili inabeba habari za mtumiaji. Ya tatu ni saini.

Kwa kuwa mstari huo hausomeki kwa macho, watu hudhani umefichwa. Haukufichwa. Chukueni sehemu ya pili, mwigeuze kutoka Base64, mtaisoma yote bila ufunguo wowote. JWT ya kawaida ni barua ya wazi iliyopigwa muhuri: kila mtu inayempitia anaweza kuisoma, ila hawezi kubadilisha hata herufi moja muhuri ukabaki mzima. Seva inapoipokea tena inakokotoa saini upya, ikiona hailingani inaikataa.

Kwa hiyo msitie humo nambari ya kitambulisho cha taifa, wala nambari ya simu, wala siku ya kuzaliwa. Tieni nambari ya ndani ya mtumiaji mahali paitwapo sub, wakati tokeni ilipotolewa kwenye iat, wakati wa kufa kwake kwenye exp, nani aliyeitoa kwenye iss, na wajibu wa mtu huyo: abiria, nahodha au msimamizi. Zaidi ya hapo, mwulize mwenzio kwanza kwa nini unataka kuongeza.

Kuanzia hapo, kila ombi linalotoka kwenye simu linabeba tokeni hiyo katika kichwa cha Authorization, baada ya neno Bearer, kama RFC 6750 ya Oktoba 2012 inavyoeleza. Aliyeishika ndiye anayehudumiwa. Seva haiulizi aliipataje. Ndiyo sababu API yenu isipite nje ya HTTPS, njia ya wavuti inayofunga mawasiliano yasisomwe njiani, hata siku moja, na hakuna udhuru wa gharama, kwani Let's Encrypt inatoa vyeti vya HTTPS bila malipo. Wageni wetu wengi wanatumia Wi-Fi ya hoteli na mikahawa ambayo kila mtu anaingia. Tokeni ikipita hapo bila kufungwa, ni ya yeyote aliyekaa meza ya pili.

Sasa ufunguo wa kupigia saini. Mkitumia algorithimu iitwayo HS256, seva ina ufunguo mmoja wa siri unaotia saini na kuihakiki pia. Kanuni zinataka ufunguo huo usipungue biti 256, yaani baiti 32. Neno kama "lamu2024" si ufunguo. Programu ya mwizi italipata kabla chai haijapoa, kwa sababu akiwa na tokeni moja tu anaweza kujaribu maneno nyumbani kwake bila kuigusa seva yenu. Andikeni openssl rand -base64 32 kwenye dirisha la amri, mchukue kitakachotoka. Kisha mkiweke kwenye vigeu vya mazingira vya seva. Kisikae ndani ya application.properties, faili la mipangilio ya programu, linalopandishwa GitHub, tovuti ya kuhifadhia programu. Ikiwa kimeshapanda, kukifuta kwenye toleo jipya hakusaidii, kwani historia yote inabaki. Badilisheni ufunguo saa ileile, na wote waliokuwa ndani waingie upya.

Ikiwa mfumo mwingine pia utahitaji kuhakiki tokeni zenu, tuseme kampuni ya mabasi ya Mokowe inataka kujua abiria huyu ni wenu kweli, basi HS256 haifai, maana mtalazimika kuwapa ufunguo uleule unaotengeneza tokeni. Hapo tumieni RS256, yenye ufunguo wa siri unaobaki kwenu na wa wazi mnaoweza kumpa mtu yeyote.

Na kazi ya kuhakiki, nawasihi, msiiandike wenyewe. Najua masomo mengi yanawafundisha kuandika kichujio chenu, kukata ile tokeni kwa nukta na kuikagua. Spring Security ina sehemu ya seva ya rasilimali inayofanya kazi hiyo kwa maktaba ya Nimbus, na mimi sioni sababu ya kijana anayeanza kuiacha. Mwaka 2015 Tim McLean alionyesha kwamba maktaba kadhaa za JWT zilikuwa zikiiamini tokeni yenyewe kuhusu algorithimu. Tokeni ikisema algorithimu yake ni "none", maktaba inaipokea bila saini. Nyingine zilikuwa na ufunguo wa wazi wa RS256, zikaletewa tokeni inayodai ni HS256, zikautumia ule ufunguo wa wazi kana kwamba ni siri. Waliokosea ni watu wenye ujuzi mkubwa. Dawa ni seva kuamua algorithimu mapema na kutomsikiliza mgeni.

Hata Java yenyewe haikusalimika. Aprili 2022 ulitangazwa udhaifu wenye nambari CVE-2022-21449, alioubaini Neil Madden. Java kuanzia toleo la 15 hadi la 18, ikihakiki saini za ECDSA, algorithimu nyingine ya saini, ilikuwa ikiikubali saini yenye sifuri tupu kuwa ni halali kwa ujumbe wowote na ufunguo wowote. Yaani unaacha pahali pa saini bila kitu cha maana, unaingia kama msimamizi. Oracle ilirekebisha mwezi huohuo, lakini rekebisho halimfikii asiyesasisha. Seva iliyowashwa na kuachwa miaka mitatu bila kuguswa kwa sababu "inafanya kazi" ni hatari kwa kila aliyeandikwa ndani yake.

Kuna kikwazo kidogo kitakachowapotezea muda nisipowaambia. Spring, bila kuelekezwa, inatafuta ruhusa za mtumiaji katika sehemu ya tokeni iitwayo scope, na kila inachokikuta inakitangulizia SCOPE_. Mkiandika wajibu chini ya jina jingine, nahodha wenu ataingia vizuri lakini atakataliwa kila mlango kwa jibu la 403, na hamtaelewa kwa nini. Ielekezeni Spring kwa JwtAuthenticationConverter, mtaje jina na kiambishi mnachotaka. Pia waambieni wenzenu tofauti ya majibu mawili: 401 ni kwamba hatukujui wewe ni nani, na 403 ni kwamba tunakujua lakini hapa huruhusiwi.

Nije kwenye umri wa tokeni, jambo ambalo hapa kwetu lina sura yake.

JWT ikishatolewa hairudishwi. Seva haina orodha ya tokeni zilizoko nje. Inahakiki saini na wakati tu. Kwa hiyo mtu akibonyeza "toka", au akipoteza simu, tokeni inaendelea kuwa hai hadi exp yake ifike. Wengi husuluhisha usumbufu wa kuingia mara kwa mara kwa kutoa tokeni ya mwaka mzima. Jamani, mwaka mzima! Nyumbani simu moja hushikwa na watu wanne, simu huuzwa, simu huanguka baharini na nyingine huokotwa. Tokeni ya kuingilia iishi dakika 15 hivi. Kando yake toeni tokeni ya kuhuisha, yenye kuishi siku 30 kwa mfano. Hii ya pili haina haja ya kuwa JWT. Ni herufi za kubahatisha ambazo heshi yake mnaihifadhi kwenye hifadhidata, na mkitaka kumtoa mtu mnaifuta.

Wataalamu wanashauri kila tokeni ya kuhuisha itumike mara moja tu. Ikitumika, inafutwa na mpya inatolewa. Ile ya zamani ikionekana tena, seva inachukulia kwamba imeibwa na kufuta zote za mtumiaji huyo. Ni shauri zuri, na mlifuate. Lakini fikirini nahodha anayetoka Kizingitini akiwa na mawasiliano ya kukatikakatika. Simu yake inatuma ombi la kuhuisha, seva inalipokea, inafuta ya zamani, inatuma mpya, na jibu linapotea njiani. Simu haikupata kitu. Inajaribu tena kwa ile ya zamani, na seva inamhesabu mwenye mali kuwa ni mwizi, inamfungia nje, abiria wake wamesimama gatini. Waliopanga mfumo huo mahali penye mtandao usiokatika hawaioni hali hiyo kila siku, sisi tunaiona. Wekeni nafasi ya sekunde chache ambazo tokeni iliyokwisha tumika inapokelewa tena, na orodha ya abiria wa safari inayofuata ihifadhiwe kwenye simu ya nahodha kabla hajaondoka.

Kuhusu pa kuiweka tokeni: kwenye Android tumieni Keystore, hifadhi ya funguo ya simu yenyewe, kulinda kinachohifadhiwa. Kwenye kivinjari, localStorage inasomwa na hati yoyote iliyopenya kwenye ukurasa wenu, kwa hiyo ile ya kuhuisha ikae kwenye kuki yenye alama ya HttpOnly, isisomwe na hati hizo, na Secure, ipite kwa HTTPS tu. Na pale mnapotumia kuki, msiuzime ulinzi wa CSRF, unaozuia tovuti nyingine kutuma maombi kwa jina la mtumiaji wenu. Kuuzima kunafaa tu pale tokeni inapotumwa kwenye kichwa cha ombi peke yake.

Nimebakiza jambo ambalo kwangu mimi ni kubwa kuliko saini na algorithimu zote.

Abiria ameingia vizuri. Tokeni yake ni halali, haijafa, saini ni sahihi. Anafungua /tiketi/118, tiketi yake. Anabadilisha nambari, anaandika /tiketi/119. Je, seva inampa? Katika mifumo mingi ya wanaoanza, inampa. Imeuliza kama mtu ameingia, haikuuliza kama tiketi ni yake. Akiendelea 120, 121, 122, kufikia usiku ameshasoma safari za mji mzima, na kumbukumbu za seva zinaonyesha mteja halali akifanya kazi halali. Shirika la OWASP, linalotoa orodha ya hatari kubwa kumi za API, liliweka kosa hili nambari ya kwanza mwaka 2019, na likalirudisha palepale mwaka 2023.

Tiba yake ni fupi. Msitafute tiketi kwa nambari yake peke yake. Itafuteni kwa nambari yake pamoja na mwenyewe: badala ya findById, andikeni findByIdAndAbiriaId, na nambari ya abiria itoke kwenye sub ya tokeni iliyohakikiwa, isitoke kwenye kitu alichokiandika mtumiaji. Isipopatikana, jibuni 404, yaani kitu hicho hakipo, ili hata kuwepo kwa tiketi 119 kusijulikane. Na nahodha aone abiria wa boti yake, asione wa boti ya mwenzake. Kumwita mtu nahodha kwenye tokeni hakumpi bahari yote.

Wazee mtauliza, na serikali inasemaje? Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Mwenye mfumo akigundua kwamba habari za watu zimefikiwa na asiyeruhusiwa na kuna hatari ya kweli kwao, anapaswa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5, au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, itakayokuwa ndogo. Mfumo mdogo wa vijana watatu haujasamehewa kwa udogo wake. Lakini mimi nisingependa mlinde habari za jirani zenu kwa kuogopa faini. Hawa ni shangazi zenu, walimu wenu, watu mnaosimama nao safu moja msikitini.

Kompyuta ziko tayari pale nyuma, na mradi mtupu umeshafunguliwa katika kila moja. Naomba kitu cha kwanza mtakachoandika kiwe jaribio, kabla ya njia ya kuingia, kabla ya ukurasa wowote: abiria wa kwanza aombe tiketi yake aipate, kisha aombe ya abiria wa pili, na hapo jaribio lidai jibu la 404. Litaanguka, maana hakuna kitu bado. Kisha tujenge hadi lipite. Gaweni watu wawiliwawili kila kompyuta, na waliotoka mbali wakae mbele.